Daftari Mikononi mwa Mtani

Sijawahi kukutana na mtu asiyejua kuandika hadithi. Anayekaa chini akaandika ni mimi peke yangu, lakini wanaojua ni wote.

Mama anajua. Anasema hadithi nzuri ni fupi, na anasema hivyo huku akitazama karafuu ambazo bado zina vikonyo. Jirani anayetuazima jamvi anajua. Anataka humo ndani awemo yeye, na awe mrefu. Na Bwana Geofrey wa mjini anajua kuliko wote, maana yeye ana ofisi.

Geofrey alikuja kwetu Kinole mwaka huu kufanya semina ya vijana kwenye ofisi ya kata. Mimi sikualikwa, nilikuwa mgawa chai. Nina miaka ishirini na miwili, shule niliishia darasa la saba, na semina ilikuwa ya wenye vidato. Mwishoni akauliza kama kuna kijana anayeandika hadithi, kwa sababu shirika lake linataka kuchapa kitabu kipelekwe shule za sekondari. Wenye vidato wakatazama viatu vyao. Nikaweka birika chini, nikanyoosha mkono, na mpaka leo sijui ule mkono ulinyooka kwa ruhusa ya nani.

Ni kweli nilikuwa naandika. Kuanika karafuu ni kazi ya macho. Unakaa pembeni ya jamvi kutwa nzima, unatazama kuku, unatazama mbuzi, unatazama wingu linaloshuka kutoka mlimani bila kupiga hodi. Mikono haina kazi. Basi nikaanza, kwenye kaunta buku, kisa cha msichana anayeitwa Zawena, wa miaka kumi na mitano, aliyeamka asubuhi akakuta mdalasini wa bibi yake umechunwa maganda kuanzia chini mpaka mtu alipoishia kufika. Baada ya siku chache ukachunwa mwingine. Zawena akaapa kumkamata mwizi. Sikuwa nimefikiria nani atasoma. Nilitaka tu kujua mwizi ni nani.

Geofrey alisoma kurasa kumi akiwa amesimama, akanipa mkono. Alisema shirika litachapa, na juu ya jalada litakaa jina langu, Chausiku Salum. Nisiseme uongo, nilikitaka kitu hicho. Nilikitaka mpaka nikawa najikuta naandika jina langu kwa kijiti kwenye vumbi la uwanja, naliangalia, nalifuta kabla Mama hajaliona.

Kisha Geofrey akaanza kunisaidia.

Mara ya kwanza alipiga simu kusema hadithi haina funzo. Nikaongeza funzo kila mwisho wa sura, kwa herufi kubwa, kila moja kwenye karatasi yake kama alivyotaka. Mara ya pili akasema walengwa, ndivyo anavyowaita wasomaji, wanaweza kuiga tabia ya kuzurura porini, kwa hiyo Zawena apatwe na jambo. Nikauliza jambo gani. Akasema mwandishi ni mimi, ila mimba ingefaa. Nikamwambia Zawena yuko kwenye midalasini anavizia mwizi, sioni mimba inaingilia wapi. Nikasikia anagongagonga kalamu, akasema basi aumwe na nyoka.

Nikaleta nyoka. Sura ya kumi na mbili, ukurasa mmoja na nusu, Zawena akaumwa, akafa, bibi akalia, funzo likawa watoto wasikilize wakubwa zao. Nilipomaliza nilijiona kama mtu aliyefagia uwanja usio wake. Lakini ilikuwa imekwisha, na Geofrey alishapanga: Jumatatu saa nne asubuhi nipeleke daftari lote ofisini kwake mjini, wakalipige chapa. Asipolipata siku hiyo, alisema, nafasi atapewa mwandishi mwingine. Nakala nyingine sina. Nakala ni hilo daftari.

Alhamisi Bibi Maimuna akafariki. Alikuwa dada yake bibi mzaa mama, na ukoo wote ukapanda kwenye msiba. Nami nikaenda, na daftari nikalibeba, nimelifukia kwenye kapu la vitunguu, maana kurasa mbili za mwisho nilitaka kuzinakili upya kwa mwandiko mzuri nikipata upenyo. Hilo kapu ndilo kosa langu. Ningelivaa kiunoni lile daftari, leo nisingekuwa na la kusimulia.

Ukoo wetu una watani wake, na mtani wetu mkubwa ni Bi Mwaisha, ambaye hukusanya ndizi za milimani akaziuza mjini. Kwenye msiba wetu, uwanja ni wa kwao. Wanakalia mafiga chakula kisipikwe, wanaficha mwiko, wanampaka unga usoni mtu aliyetoka kulia sasa hivi. Wanachukua chochote wanachokiona, nawe huruhusiwi kukasirika. Unangoja siku ya kuanua matanga, unaleta kuku au chochote cha kukombolea, unarudishiwa chako, mnacheka. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najua mimi.

Bi Mwaisha aliingiza mkono kwenye kapu kuiba vitunguu, akatoka na daftari. Akalamba kidole, akafungua mwisho, kwa sababu yeye kila kitu hukifungulia mwisho, akawasomea wanawake waliokuwa wanamenya ndizi. Alisoma kwa sauti ileile ya kuuzia. Akasoma nyoka, akasoma bibi kulia, akasoma mpaka funzo. Akalifunga.

"Mtumwa wangu," akaniambia, "ndiyo kazi uliyojifunza huko kwenu, kuua watoto wa watu?"

Wanawake wakacheka, na Mama akacheka nao. Nikamwomba kwa upole anirudishie, nikamweleza kwamba hiyo ni kazi ya ofisi na inatakiwa Jumatatu. Hapo nilikosea mara ya pili. Mtani usimwambie kwamba kitu ni cha maana. Bi Mwaisha aliliangalia daftari kwa heshima mpya, akalitia kifuani, akakaza kanga juu yake. Akasema kumbe amekamata kikubwa, yeye alidhani ni vitunguu.

Sikugombana. Nikahesabu kwamba Jumamosi matanga yataanuliwa, na Jumapili nina siku nzima ya kunakili. Jumamosi asubuhi nikaja na jogoo mwekundu kwapani. Nikaambiwa Bi Mwaisha ameshuka na gari la ndizi tangu alfajiri. Nikampigia simu. Huko alikokuwa watu walikuwa wanabishana juu ya mkungu. Akaniambia jogoo tumle wenyewe. Daftari amempelekea mwanawe Raya, huko mjini Kihonda, yuko kidato cha pili, kwa sababu ameona wenye hadithi ile ni watoto wa umri huo na si wamenya ndizi.

Nikamkumbusha kwamba matanga yameshaanuliwa.

"Yameanuliwa kwenu," akasema. "Kwangu bado yanaendelea." Akakata simu.

Mama nilipomweleza alisema mtani ni mtani, nikikasirika nitaaibisha ukoo mzima. Nikamuuliza na kitabu je. Akasema nimuulize Bi Mwaisha kwa adabu. Nikamuuliza adabu ya namna gani iliyobaki. Akasema nisimpandishie sauti. Jumapili, kabla jua halijatoka, nikashuka.

*

Raya nilimkuta uani anafua sare za shule. Ni msichana mrefu, mikono yake kama imeongezewa kipande. Akafuta povu, akanipa shikamoo, akanitazama usoni muda ambao si wa kawaida.

"Wewe ndiye yule?"

Nikasema ndimi. Nikasema nimefuata daftari. Akaingia ndani akarudi na theluthi ya daftari.

Naomba nieleweke. Si kwamba kulikuwa na kurasa zilizochanika. Kaunta buku limeshonwa kwa uzi, na Raya na wenzake walikuwa wameukata ule uzi kwa wembe, vizuri kabisa, wakaligawa mafungu matatu, moja lake, moja la Pendo, moja la Joyce. Walikuwa wanasoma kwa zamu, akanieleza, na zamu zikaleta ugomvi, basi wakaona wagawane kila mtu asome lake halafu wabadilishane. Alieleza kama mtu anayeeleza jambo la busara.

Nikakaa juu ya ndoo. Mimi nikichoka kweli huwa nanyamaza, na pale nilinyamaza mpaka Raya akaanza kuniletea maji ya kunywa, kisha kipande cha muhogo, kisha kikombe kingine cha maji. Nikalifungua lile fungu lake. Pembeni mwa kurasa walikuwa wameandika kwa penseli. *Ni mjomba.* Chini yake, kwa mwandiko mwingine: *Sio mjomba, mjomba ana mguu mbovu soma uk. 9.* Na chini zaidi: *Mguu anasingizia.*

Nikasoma hiyo mistari ya penseli mara mbili. Nilikuwa nimekasirika, na nilikuwa nataka kujua kama mguu anausingizia.

Tukaenda kwa Pendo, nyuma ya mashine ya kusaga. Fungu lake lilikuwa jeupe kwa vumbi la unga, na jembamba kuliko nilivyolijua. Nikahesabu karatasi. Zilipungua nne. Pendo, ambaye ana sauti nzito isiyolingana na mwili wake, akaangalia jiko la mkaa, akaangalia pembeni. Nikamuuliza kama amewashia jiko karatasi zangu.

"Zile za herufi kubwa tu," akasema. "Dada, tulidhani ni matangazo."

Yalikuwa mafunzo. Mafunzo manne ya sura nne, yaliyonichukua wiki mbili, yalikuwa yamepika uji. Nikamuuliza basi hawakusoma hata moja. Raya akajibu kwa niaba yake, kwa huruma, kwamba walisoma la kwanza, wakaona msemaji si Zawena wala bibi, ni kama mtu ameingia chumbani kuzima redio, wakawa wanayaruka.

Niseme nini. Mimi niliyaandika kwa herufi kubwa ili yaonekane, na ndivyo yalivyosaidia: yalionekana kwa urahisi wakati wa kuyaruka.

*

Joyce ndiye aliyekuwa na fungu la mwisho. Alikuwa ametoka kanisani, bado amevaa sare ya kwaya, amekaa kizingitini kwao na karatasi zangu mapajani, amezibana kwa kitabu cha hesabu. Mdogo kuliko wenzake, na mzito wa kuongea. Kila sentensi anaiangalia kwanza. Raya akamwambia mwenye daftari amekuja. Joyce hakusimama. Alinisalimu vizuri, kisha akasema hatoi.

Nikamwambia kesho saa nne natakiwa ofisini. Nikamweleza kitabu, jalada, jina langu, shule watakakokipeleka, pengine na yake. Nilieleza kwa uvumilivu wote niliokuwa nao. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo kitakuja shuleni kwetu," akasema, "na Zawena atakuwa amekufa."

Nikasema ndiyo, hadithi nyingine huishia hivyo, watu hufa.

"Najua watu hufa. Baba yangu amekufa." Alisema bila kupaza sauti. "Lakini nyoka alikuwa hayupo, dada. Sura kumi na moja nyoka hayupo. Halafu huyo."

Nikaangalia chini, nikaona wadudu chungu wanabeba punje ya wali.

"Mimi naona wewe ulichoka," Joyce akasema. "Mwizi humjui. Ukaona ukimuua Zawena hakuna atakayekuuliza."

Nimeshaambiwa mengi kuhusu hadithi hii, na watu wazima, wenye ofisi na wasio na ofisi. Hakuna aliyewahi kunishika mkono uleule niliokuwa nimeuficha. Ni kweli, mwizi nilikuwa simjui. Nilikuwa nimeanza kuandika ili nimjue, na Geofrey alipopiga simu ya pili nilifurahi, ndani kwa ndani, kwamba nimepata nyoka wa kunitoa njiani.

Hasira zilinipanda, na zilinipanda zaidi kwa sababu aliyesema ni mtoto. Nikawaambia basi waniambie wao mwizi ni nani, kama wanajua sana. Nilidhani nimewaziba midomo. Kumbe nimefungulia bomba. Pendo akasema mjomba. Raya akasema mjomba ni wa kutupoteza tu, mwandishi mwenyewe anataka tumfikirie mjomba, na mwandishi mwenyewe nimekaa pale nasikia habari zangu. Pendo akasema mwenye duka. Raya akasema mwenye duka ametokea mara moja, mtu hawezi kutokea mara moja akawa mwizi, ni uonevu.

Joyce alikuwa anapekua. Akatoa ukurasa kwenye fungu la Raya, akaniwekea mbele.

"Huyu Hidaya," akasema. "Rafiki yake. Hapa wanagawana embe na mikono yake inanukia mdalasini. Uliandika kwa nini?"

Niliandika kwa sababu kwetu mikono ya kila mtu inanukia mdalasini. Hiyo ndiyo kweli yote. Nilikuwa nimekaa pembeni ya jamvi, nikanusa mikono yangu, nikaandika. Lakini nilipousoma ule mstari kwa macho ya Joyce, nikaona Hidaya ndiye aliyekuwa akisema kila mara wapite njia ya juu. Hidaya ndiye aliyechelewa siku ya mtego. Hidaya, ambaye shamba la mama yake liliuzwa na wajomba wala hakuna aliyemuuliza, yumo kila sura, anacheka na Zawena, anambebea kuni. Nilikuwa nimemweka mwizi kwenye hadithi kwa mkono wangu mwenyewe, na sikumwona.

Nikamwambia Joyce anipe kalamu.

Akaniuliza ya nini. Nikasema anipe kalamu na hicho kitabu cha hesabu, nitaandika nyuma.

Tukakaa kwenye mkeka uani kwao tangu adhuhuri. Sijui nielezeje saa zile bila kujisifu, maana hazikuwa saa za sifa, zilikuwa za kubishana. Niliandika mstari, nikausoma, wakaukataa. Zawena akimfumania Hidaya juu ya mti na kisu mkononi, mimi nilimwandikia aseme, "Ewe rafiki yangu, kwa nini umenisaliti?" Pendo akaanguka kwenye mkeka kwa kicheko. Akasema hakuna mtu duniani anayeongea hivyo, hata walimu. Nikamuuliza kwa ukali yeye angesemaje.

Akafikiri. "Asingesema kitu," akasema. "Angemwambia, shuka."

Shuka. Nikaiandika. Nikaitazama ile *shuka* peke yake kwenye mstari, na kitu kikanitembea kutoka kiganjani mpaka begani. Baada ya hapo nilikuwa siwasikii vizuri. Hidaya hakushuka. Alikaa juu ya mti akaanza kuongea, kwa sauti ya mtu aliyenyamaza miaka, na mimi nilikuwa nyuma yake nakimbiza kalamu. Niligundua nacheka. Mahali fulani nikagundua machozi. Wale watoto wakikatiza walikatiza kwa haki: hapa amerudia, hapa ni uongo, hapa dada umeanza kutufundisha tena. Nikawaambia wanyamaze, na wakinyamaza nikawauliza mbona wamenyamaza.

Jua lilipoanza kulegea Bi Mwaisha akatokea, anatoka sokoni, kanga begani. Akatukuta wanne tumeinamia kitabu cha hesabu. Nikampa shikamoo bila kuinua macho, ambayo si adabu, na Mama asisikie. Akauliza mtumwa wake anafanya nini. Raya akamwambia anyamaze, Hidaya yuko juu ya mti.

Bi Mwaisha akakaa. Nikamsomea yeye na wote, tangu *shuka*. Alisikiliza huku anachezea ncha ya kanga. Nilipofika Zawena anapokaa chini ya mti kungoja, hatoi taarifa kwa mtu, haondoki, anangoja tu mwenzake achoke kukaa juu, Bi Mwaisha akavuta pumzi.

"Na atashuka?"

"Sijui bado," nikasema.

Akaniambia daftari nimelikomboa. Kisha akasema ukoo wetu ni watu wa hovyo tangu zamani, lakini huyu Hidaya amemuumiza, na akaenda kupika. Joyce akaleta sindano kubwa na uzi wa gunia, tukalishona daftari upya, na karatasi za hesabu ndani yake. Sura ya kumi na mbili ya nyoka haikurudishwa, wala mafunzo yaliyosalia. Sikuuliza karatasi hizo zilikwenda wapi. Jikoni kwa Bi Mwaisha moto ulikuwa umeshika vizuri.

*

Jumatatu saa nne nilikuwa mjini, ofisini kwa Geofrey, kwenye kiti cha mbele ya meza yake. Si mtu mbaya. Aliniagizia soda, akaniuliza habari za msiba. Akaliona daftari lilivyoshonwa kwa uzi wa gunia, akaona aibu kwa niaba yangu. Akaanza kusoma mwisho.

Alisoma kwa makini. Kuna mahali aliacha kugonga kalamu. Alipofika mwisho akarudi nyuma kurasa mbili, na mimi ninayemtazama nikaona midomo yake inasema *shuka*. Kisha akajikumbuka, akakaa sawa.

Akaniuliza nyoka yuko wapi. Nikasema hayupo. Akauliza na mafunzo. Nikasema walengwa waliyapikia uji. Hakucheka. Akaeleza, taratibu, kama anavyoeleza kwenye semina, kwamba mfadhili ana vigezo, kitabu lazima kibadilishe tabia, na hapa msichana anazurura, mwizi haadhibiwi, wala haijulikani kama mwishoni watasameheana.

"Sasa msomaji anajifunza nini?" akauliza.

"Anajua mwizi ni nani."

Akasugua macho. Akasema hadithi ina nguvu, hilo hakatai, kwa hiyo niiache tu. Kuna mtu wao atarekebisha mwisho, atarudisha nyoka na mafunzo, na jina langu litabaki juu palepale. Alifikiri ananipa zawadi. Akaliweka daftari kwenye droo.

Nililiona jina langu vizuri sana wakati ule, kwenye jalada, na Joyce amelishika darasani, analiangalia.

Nikasema naomba daftari langu.

Akasema nisiwe na haraka, nikafikirie. Nikasema nimeshafikiria. Akasema basi itabidi awasiliane na mkubwa wake kwanza, kwa kuwa lilikwishapokelewa ofisini, na mkubwa yuko safarini Dodoma, na yeye mwenyewe ana kikao. Nikasema hakuna neno, nitangoja. Akasema inaweza kuchukua muda. Nikamwambia mimi nalinda karafuu.

Nikatoka nikakaa kwenye benchi la nje, mkabala na mlango wake. Msichana wa mapokezi akaniuliza mara tatu kama nimehudumiwa. Adhuhuri watu wakaenda kula, wakarudi. Geofrey akapita akitabasamu, akapita tena bila kutabasamu, mara ya tatu akapitia mlango wa nyuma. Nilimwona. Kazi yangu ni kuona. Nilijua kitabu nimekikosa, na kiliniuma, tena sana. Kuna mtu mwingine atapewa nafasi ile, atatia nyoka wake. Lakini nilishawajua wasomaji wangu kwa majina na kwa sauti, na hilo Geofrey pamoja na vigezo vyake vyote alikuwa hajawahi kulipata.

Mezani kwa mapokezi palikuwa na rundo la vipeperushi vya semina iliyopita, upande mmoja mweupe. Nikaomba kimoja, nikaomba kalamu. Msichana akanipa vyote, pengine akidhani nimeanza kuandika malalamiko.

Nikaandika kwamba jioni ilifika na Hidaya yuko juu bado. Nikaandika kwamba Zawena alisikia njaa. Nikafuta njaa, maana Pendo angesema kila mtu anajua alikuwa na njaa. Nikaandika mvua ilianza kuonekana upande wa pili wa bonde, nikajua sasa kisu kile kitaanguka, na kitaanguka nani akiwa chini, na mkono ukaanza tena ule mwendo wake.

Saa kumi mlango ukafunguliwa. Geofrey alisimama mbele yangu, daftari mkononi, uzi wa gunia unaning'inia. Akasema ameona anirudishie tu, mambo yasiwe makubwa. Akasema dada Chausiku, chukua, wanataka kufunga ofisi.

Nikamwomba angoje kidogo, kisu kilikuwa bado hakijafika chini.